Mzunguko wa Amani: pandeni asubuhi, mto uwe wa mwisho

Swali: “Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Raskazone, Tanga mjini. Tuko saba katika kikundi cha mazoezi. Kila Jumamosi tunatembea kandokando ya bahari, kilomita 8 hivi. Sasa tunataka kwenda Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, kwa siku moja tu, tuzunguke bustani ya miti, msitu na bonde la Mto Zigi, kisha turudi pale pale tulipoanzia. Mama yangu ana miaka 63 na goti la kushoto linamsumbua, lakini amekataa kubaki nyumbani. Je, tuanzie juu Amani au chini Zigi? Mzunguko wote ni kilomita ngapi? Na mama tumfanyeje?”

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na mwambie nimefurahi kusikia amekataa kubaki. Nitamrudia baadaye, maana yeye ndiye aliyenifanya nikae nikujibu kwa urefu.

Anzeni chini, Zigi. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wengi hufanya kinyume. Gari huwapandisha mpaka Amani, wakapiga picha kwenye ubaridi, wakateremka msituni kwa kicheko, wakafika mtoni saa saba mchana. Hapo ndipo huinua macho na kuuona mlima waliouacha nyuma. Zigi iko mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, Amani iko mita 900 na ushee. Mpando huo hamna namna ya kuukwepa katika safari ya mzunguko. Mnachochagua ninyi ni saa ya kuupanda tu. Asubuhi bonde bado lina umande na miguu ina nguvu. Ikifika saa nane mchana bonde lile linafukuta kama chungu kilichofunikwa, upepo haupiti, na jasho halikauki mwilini. Juu Amani saa hiyo hiyo mtu anatafuta sweta. Kwa hiyo mchana uwakute juu, kwenye kivuli na baridi, na jioni iwakute mnateremka kuelekea garini.

Hili sikulipata kwa kuambiwa. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado mpya katika kazi ya kuongoza watembezi, niliwashusha watu tisa kutoka Amani hadi mtoni, nikidhani tutarudi juu kabla ya magharibi. Tulichelewa mtoni kwa sababu watu walikuwa wakifurahi na mimi nilikuwa nafurahi nao. Tulipoanza kupanda mvua ikashuka. Njia ikawa utelezi mtupu, kila hatua mbili mbele moja inarudi nyuma. Saa kumi na moja na nusu jua huku nje bado lipo, lakini chini ya miti mikubwa sikuweza tena kuiona mizizi. Tulikuwa na tochi mbili. Tulifika juu saa mbili usiku, na mama mmoja wa makamo tulikuwa tumemshika mikono huku na huku. Hakulalamika hata mara moja, ila nilipommulika nikaona machozi yanamtiririka. Kosa lilikuwa langu, na yule mama sijamsahau. Tangu siku ile kundi langu huwa linapanda asubuhi.

Kuhusu kilomita, nakuomba uziweke kando. Kilomita 8 za ufukweni mnazimaliza kwa saa moja na nusu, huku mnaongea. Kwenye mpando wa Usambara kilomita moja inaweza kuwala dakika 40, na hapo hamjasimama kumtazama mbega. Hesabuni saa. Kupanda kutoka Zigi hadi Amani, jiwekeeni saa tatu. Bustani na chakula, saa moja na nusu. Kuteremka kwa njia ya msituni, saa tatu tena, kwa sababu kuteremka kwenye majani mabichi si haraka kama watu wanavyodhani. Ongezeni saa moja ya dharura ambayo hamtaigusa bila sababu. Mkianza saa mbili asubuhi, saa kumi na nusu jioni mko Zigi mnavua viatu hata kama mmeitumia saa ile ya dharura. Mkianza saa nne, msizunguke. Pandeni tu, kisha gari liwafuate juu.

Sasa njia yenyewe.

Pale Zigi (wengine huandika Sigi, mto ni huo huo) mtaona nyumba ya zamani ya Kijerumani ambayo leo inatumika kupokea wageni. Ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Ndiyo, stesheni ya treni. Mwanzoni mwa karne iliyopita reli nyembamba ilitoka Tengeni, ikaachana na reli kubwa ya Tanga, ikaingia bondeni mpaka hapa kufuata magogo. Vijana wengi wa Muheza hupita hapo kwa bodaboda kila wiki bila kujua kwamba treni iliwahi kupiga honi mahali pale. Simameni dakika tano, jazeni maji, kazeni kamba za viatu, kisha anzeni kupanda.

Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote na sitaipamba. Pandeni kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Aliye mzito zaidi awe mbele, si nyuma. Akiwa nyuma, kila akiwafikia wenzake wameshapumzika na wanainuka, naye hapumziki kabisa. Wa mbele akiwa yeye, kundi zima linakwenda kwa pumzi yake. Hili dogo linaokoa safari kuliko kiatu cha bei ghali.

Kadiri mnavyopanda mtaanza kuingia kwenye mashamba ya miti ya majaribio, na hapa nataka mpunguze mwendo kwa moyo mweupe. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka kila pembe ya dunia kuanzia huku bondeni mpaka juu: mikafuri, mikwinini, mipira, mianzi, mdalasini, michikichi. Walikuwa wanatafuta kipi kitawaletea faida katika koloni. Vita ya kwanza ya dunia ilipowafungia bahari, kwinini ya Amani ikawa ndiyo dawa ya askari wao. Baadaye Waingereza wakaendelea na utafiti wa kilimo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940, walipouhamishia Kenya, na kuanzia miaka ya 1950 watafiti wa malaria wakaingia katika majengo yale.

Mkifika chini ya mkafuri, okoteni jani lililoanguka, msichume bichi. Lipondeni katikati ya vidole viwili, kisha nuseni. Mama ataitambua harufu hiyo kabla yenu nyote: ni ile ya kabati la nguo za marehemu bibi, harufu ya kafuri. Nimewaona wazee wakisimama pale na jani puani muda mrefu bila kusema neno. Kibao chenye jina la Kilatini hakifanyi kazi hiyo.

Na mkifungua vikapu vyenu kwa chakula cha mchana, kama mmebeba mihogo ya kuchemsha, jueni mmeirudisha nyumbani kwake kwa namna fulani. Katika kituo hiki hiki cha Amani watafiti walihangaika miaka mingi na magonjwa ya muhogo, batobato na ule wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa wa michirizi, huu unaooza mizizi ndani ilhali shina linapendeza nje, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa mtafiti wa hapa. Mkulima wa Pangani au Mkinga anayepewa leo mbegu inayostahimili anavuna kazi iliyoanzia kwenye mlima huu.

Kuna mti mmoja utakaowaudhi mkishaujua. Ni msizi, mrefu, shina lililonyooka, majani yenye meno pembeni. Ulipandwa hapa na watu, haukuwa mti wa mlima huu. Mbao zilipovunwa kwa mashine kubwa mpaka miaka ya 1980, mianya ikabaki, na hondohondo wakala matunda ya msizi na kuzitawanya mbegu kila upenyo ulipo. Hondohondo mtawasikia kabla ya kuwaona. Mabawa yao yanavuma kama mtu anayesukuma mkokoteni mzito angani. Nawapenda ndege hawa, na ndio waliosambaza mti unaowabana wenyeji. Msitu haukupi mtu wa kumchukia kirahisi. Hata iliki, hii tunayotia kwenye chai na pilau, ililimwa chini ya miti mikubwa na kuonekana haina madhara, kumbe ili iote ni lazima ufyeke miche yote midogo, na mti mkubwa ukifa hakuna mrithi.

Njia ya kuteremkia mtaingia mkiwa na mwongozaji. Hapa sibishani na mtu. Vijia ni vingi, vingine ni vya wakata kuni, vingine vinaishia shambani kwa mtu, na simu zenu zitapoteza mtandao. Hifadhi ya Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS; ilitangazwa mwaka 1997, na kibali na mwongozaji vinapatikana hapo hapo getini Zigi. Viwango hubadilika, ulizeni kabla, na mjue kwamba mtapewa namba ya malipo ya serikali. Mtu akiwaambia mmpe fedha mkononi, kataeni kwa adabu.

Mkiwa katika msitu huu wa chini tafuteni tunda la msambu. Ni kubwa, la rangi ya udongo, linaning'inia kama soksi iliyojaa mchanga, na likishaanguka halina haraka ya kuoza. Mbegu zake zina mafuta mazito. Wazee wa Kisambaa waliyapikia, na siku hizi viwanda vya nje vinayataka. Chunguzeni tunda lililo chini: mara nyingi mtakuta limetobolewa kwa meno, pembeni kabisa, tundu safi kama la patasi. Ni kazi ya panya buku. Hula baadhi ya mbegu na nyingine huzifukia, kisha husahau baadhi yake, na hizo ndizo miche ya kesho. Panya huyu ni jamaa wa wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kwa hiyo mkimkuta msimrushie jiwe.

Karibu na maji, kwenye miamba yenye kivuli, ndipo lilipo ua ambalo dunia nzima inalifuga kwenye madirisha bila kujua linatoka mkoa wa Tanga. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku, alichukua mbegu na miche katika miaka ya 1890 akaipeleka Ujerumani kwa baba yake, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Kama kuna wenyeji waliolionyesha, hawakuandikwa. Leo limezalishwa kwa rangi za kila aina katika vyungu vya Ulaya na Marekani, ila hapa bado ni lile lenyewe: majani manene yenye manyoya mafupi kama sikio la mwanambuzi, yamejibana kwenye ufa wa jiwe ambao haujai hata kijiko cha udongo, na ua la zambarau lenye tone mbili za njano katikati. Pigeni magoti mliangalie. Msing'oe. Nimeona watu wakilitia kwenye mfuko wa plastiki kwenda kulipanda mjini. Ule ufa uliobaki mtupu haujazwi tena upesi.

Halafu mto. Zigi msimu wa kiangazi ni mto wa upole, mawe makubwa, maji hadi kifundo cha mguu, samaki wadogo wanaodonoa vidole. Hapa ndipo mtavua viatu, na ndiyo maana nimeuacha uwe wa mwisho. Lakini uangalieni kabla ya kuukanyaga. Amani hupata mvua ya milimita 1,900 hivi kwa mwaka, kuliko Tanga mjini kwa mbali, na inaweza kunyesha juu huku ninyi bondeni mna jua kali. Ukiona maji yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, majani makavu na vijiti vinaelea kwa wingi, toka majini saa hiyo hiyo, panda juu upande huo huo mliopo, na subirini. Msivuke eti kwa sababu gari liko ng'ambo. Mto uliojaa kwa ghafla huo hupungua kwa saa chache. Watu wengi waliochukuliwa na mito ya milimani walikuwa wamebakiza hatua chache tu.

Na mwambie mama jambo hili mkiwa mmekaa pale juu ya mawe. Maji hayo yanayompita miguuni yanateremka mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani yanaingia kwenye mabomba ya Tanga. Mchele wake wa jana aliuosha kwa maji ya mto huu. Ndiyo maana wakulima wa huku juu wana umoja wao wa kuhifadhi mazingira ya mito ya Kihuhwi na Zigi, wanapanda miti na kuacha kulima mpaka ukingoni, na ndiyo maana uchimbaji haramu wa dhahabu kwenye vijito hivi unatuuma sana. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua na kuboresha huduma ya maji. Na maji hayo yote yanautegemea msitu mliopita chini yake asubuhi.

Sasa goti la mama. Watu hudhani mpando ndio unaoumiza goti. Mpando unaumiza pumzi na mapaja. Goti linaumizwa na mteremko, maana kila hatua ya kushuka mwili wote unatua juu yake. Kwa hiyo mama asishuke kwa miguu, na asipande pia. Gari litakalowaleta Zigi liendelee naye mpaka Amani taratibu, awahi kufika, anywe chai, awasubiri bustanini. Mkifika mtembee naye pale juu, penye tambarare na vivuli, saa nzima kwa mwendo wake. Kisha yeye arudi Zigi kwa gari, nanyi mteremke msituni, mkutane mtoni. Kutoka gari linapoegeshwa hadi majini ni hatua chache, mshikeni mkono, awekewe mkeka. Kwa mpango huo ataiona bustani, ataupita msitu dirishani bila haraka, na atatia miguu yake mtoni kama ninyi. Asiambiwe kwamba amebebwa. Mwambieni yeye ndiye mwenye kituo cha kati, abebe chakula na nguo kavu za kundi zima. Nayo ni kweli, maana mgongo usio na mzigo ndio utakaowapandisha.

Mavazi: suruali ndefu na soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi. Hii ni kwa ajili ya siafu. Baada ya mvua wanavuka njia kwa mkondo mweusi usioonekana vizuri kwenye majani, na ukisimama juu yao ukitafuta pa kupiga picha, watakuwa wameshafika magotini kabla wa kwanza hajauma. Mkiwaona, rukeni na mwendelee mita kumi ndipo mjikung'ute. Dada zetu wanaovaa dera au gauni refu wavae suruali ndani na kulifunga dera kiunoni kwa khanga. Raba zenye meno zinatosha. Zilizolika chini ziacheni nyumbani. Msishike mmea wowote wenye maganda ya kahawia yenye manyoya, huo ni upupu. Kila mtu lita mbili za maji. Tochi kila mtu, si tochi ya simu. Na mbu asisahauliwe: bondeni Zigi wapo wengi kuliko juu, hivyo jioni jipakeni dawa.

Msimu, chagueni Januari na Februari, au Julai mpaka Septemba. Aprili na Mei msije kwa mzunguko huu. Usafiri, kodini gari lenu. Mabasi ya Amani ni machache na yamepangwa kwa ajili ya mkulima anayeshuka Muheza alfajiri na kurudi mchana, hayawafai ninyi. Noah inafika Zigi wakati wa kiangazi, lakini kama mama atapandishwa hadi Amani tafuteni gari lililoinuka, na dereva aliyewahi kuipita barabara ile. Kona zake ni nyembamba na malori ya chai hupita.

Mkishaswali alfajiri muondoke Tanga, msingoje kunywa chai. Mtakunywa Muheza, pale stendi, wanachoma maandazi mapema. Piga simu getini siku moja kabla uulize mto umeamkaje, na wakikuambia umeamka mwekundu, nendeni wiki ijayo.